Kwa nini maneno ya Kiingereza ya gl- yanang'aa, na ya sn- yako puani?

#1 MwalimuMsambweni
Salaam wadau. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tanga, na naleta dai ambalo limetugawa ofisini.

Shikeni kamusi yoyote ya Kiingereza, mfungue penye gl. Glow ni mwanga wa pole usio na ndimi za moto. Gleam ni kumeremeta kwa kitu kilichosuguliwa. Glitter ni kumetameta. Glisten ni mng'ao wa kitu kilicholowa. Glint ni mmweko wa mara moja. Glare ni mwanga mkali unaoumiza macho, tena ni jicho analokukazia mtu mwenye hasira. Glimpse ni kuona kidogo tu kikapita, glance ni kutupa jicho, glass ni kioo. Mwanga na jicho, jicho na mwanga.

Haya, nendeni sn. Snore, kukoroma. Sneeze, kupiga chafya. Sniff, kunusa. Snot, kamasi. Snout, pua ya nguruwe na wenzake. Snuff, tumbaku ya kunusa. Sneer ni kule kukunja pua kwa dharau. Snort ni kutoa pumzi puani kwa kishindo. Pua tupu!

Dai langu ni kwamba zile herufi mbili za mwanzo zimebeba maana, na mwanafunzi akifundishwa hivyo atakisia neno asilolijua. Mwenzangu anasema ni bahati nasibu. Nani ana hoja?

#2 FundiBarabaraYaNane
Mwalimu, mimi gereji yangu iko Ngamiani na Kiingereza changu ni cha vipuri, lakini umenigusa. Springi inaruka. Sprei inapuliza rangi. Plagi nzima inatoa spaki. Vyote vya sp vinachupa kutoka mahali! Mwanangu yuko kidato cha pili, nimemuuliza, akaniongezea spit kutema mate, spill kumwagika, splash kurusha maji, spout mdomo wa birika. Niko upande wako.

#3 HesabuKwanza
Fundi, na spana je? Inachupa wapi? Spea, spoki, spika, spidi?

Mwalimu, kwa heshima zote, umechagua yanayokufaa. Glove ni mfuko wa mkono. Glue ni gundi. Gland ni tezi. Globe ni tufe. Kwenye sn kuna snake nyoka, snow theluji, snail konokono. Nyoka na pua wapi na wapi? Ukiokota kokoto nyeupe tu ufukweni Raskazone utasema ufukwe wote mweupe. Mtu anayetaka kuthibitisha jambo hili ahesabu maneno yote, yanayokubali na yanayokataa, ndipo tuzungumze. Haya mambo ni ya watu wa mtandaoni wa juzi juzi.

#4 MwalimuMsambweni
Hesabu, kuhesabu nakubali. Lakini umeliacha gloom, ambalo ni giza na huzuni. Hata likiwa giza bado linahusu mwanga.

#5 MwanafunziIsimu
Nimeona neno "juzi juzi" nikaona niingie.

Jambo hili lina karne kadhaa. Mwaka 1653 John Wallis wa Oxford aliandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, na ndani yake akapanga sauti za mwanzo wa maneno na hisia zake: kwamba wr huleta kupinda na kusokota, kwamba st huleta nguvu na uimara. Ni Wallis yuleyule wa hesabu aliyeleta alama ya ∞, ya kisicho na mwisho, mwaka 1655, kwa hiyo ndugu HesabuKwanza huyu ni wa kwenu.

Mwaka 1930 mwanaisimu Mwingereza J.R. Firth akakipa kitu hiki jina, tukiliandika kwa Kiswahili ni fonestimu: kipande cha sauti kinachojirudia katika maneno yenye maana za kukaribiana, ilhali chenyewe si neno wala si kiambishi. Hapo ndipo ugumu ulipo. Ukilikata neno glow, gl upande huu na ow upande ule, ile ow haina maana yoyote. Ukikata kitoto, ki- na toto, vipande vyote viwili vinasimama.

Anayepinga ana mtu mzito wa kumtegemea: mwanaisimu Ferdinand de Saussure wa Geneva. Mihadhara yake ilichapishwa na wenzake mwaka 1916, yeye akiwa ameshafariki, na humo amesema uhusiano kati ya sauti ya neno na maana yake ni wa makubaliano tu. Mti ni mti kwa sababu tumekubaliana. Isimu ya sasa kwa sehemu kubwa imesimama juu ya msingi huo, kwa hiyo mwenzake mwalimu pale ofisini hayuko peke yake.

#6 HesabuKwanza
Ahsante kwa Wallis. Bado sijaona hesabu.

#7 DerevaWaTangi
Mimi napakia mafuta bandarini Tanga napandisha Moshi na Arusha. Nina kisa cha herufi za mwanzo.

Nilipoanza kazi hii tulijua in- ya Kiingereza maana yake "si". Correct sahihi, incorrect si sahihi. Complete kamili, incomplete si kamili. Sasa nyuma ya tangi kuna maandishi makubwa mekundu, INFLAMMABLE. Utingo wangu, kijana aliyemaliza kidato cha nne na Kiingereza chake kizuri, akasema kwa uhakika kabisa kwamba tangi hilo haliwezi kushika moto. Alikuwa na kiberiti mfukoni. Nilimshusha, nikampeleka kando, nikamwambia mwanangu, hayo ni mafuta ya petroli, soma unavyotaka lakini kiberiti kiache nyumbani.

Kwa hiyo mwalimu, mimi naogopa kumfundisha mtu akisie maana kwa herufi za mwanzo. Kwetu kukisia ni msiba.

#8 MwanafunziIsimu
Pole na kazi, kaka. Ila hiyo in- yako iko mlango mwingine. Hicho ni kiambishi, na kwa bahati mbaya Kilatini kilikuwa nacho cha aina mbili zinazofanana: in- ya kukanusha, na in- ya "ndani, kuingia". Inflammable limetoka kwenye inflammare, kutia moto, kwa hiyo hiyo ni ya pili. Hofu yako waliipata na wengine: Marekani wataalamu wa kuzuia moto walianza kushikilia flammable miaka ya 1920, kwa sababu hiyohiyo ya kijana wako. Leo flammable na inflammable maana yake ni moja, kinashika moto, na kisichoshika huandikwa non-flammable.

#9 FundiBarabaraYaNane
Maneno mawili kinyume kwa sura, maana moja! Na wanatuambia Kiswahili kigumu.

#10 MuuguziZamuYaUsiku
Naunga mkono dereva kwa uchungu kabisa. Kwetu wodini kuna herufi nne zenye hatari kuliko hizo zenu: hype na hypo. Hyperglycemia, sukari imepanda. Hypoglycemia, sukari imeshuka. Hypertension, presha ya kupanda. Hypotension, presha ya kushuka. Mianzo yote miwili ni Kigiriki, hyper ni juu, hypo ni chini, tofauti ni vokali na r ambayo mtu akisema haraka haisikiki.

Mgonjwa ambaye sukari imeshuka, anatetemeka, jasho linamtoka, anahitaji sukari sasa hivi. Ambaye imepanda, ukimpa sukari unamwongezea balaa. Ndiyo maana nikikabidhi zamu nasema kwa Kiswahili, "kitanda cha dirishani sukari imeshuka", na namba ya kipimo naitaja. Daktari akitaka kuandika Kigiriki chake aandike. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu nawasihi hivyohivyo, na sitachoka kuwasihi.

Halafu mwalimu, ile glyc ya katikati inaanza na gl, ni ya Kigiriki na maana yake ni tamu. Glucose imetoka hukohuko. Haing'ai hata kidogo.

#11 MwalimuMsambweni
Dada muuguzi, kazi yenu Mungu aibariki. Lakini glucose ni mgeni aliyeingia Kiingereza kutoka Kigiriki. Glove si mgeni, hilo nakubali linanisumbua. Globe na glue ni Kilatini. Tukiwatoa wageni, wenyeji wengi wanaobaki wanang'aa.

#12 MzeeWaKorona
Wanangu, hamjambo. Nimefanya kazi ya mkonge maisha yangu, kwanza korona huko shambani, kisha kiwanda cha kamba hapa mjini. Korona kwa msiojua ni ile mashine inayokamua majani ya mkonge zibaki singa. Najibu kwa kazi niliyoifanya.

Kwenye mizigo yetu ya kwenda nje iliandikwa TWINE. Ile kamba nyembamba ya kufungia majani makavu huko Ulaya na Marekani. Msimamizi mmoja wa zamani alitueleza kwamba twine asili yake ni uzi wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, na kwamba ile tw ni ya two, mbili. Kijana, wewe wa isimu, nithibitishie. Maana tangu siku ile nilikuwa nikikaa na wajukuu nawatajia: two mbili, twice mara mbili, twin pacha, twelve kumi na mbili, twenty makumi mawili. Twist ni kusokota, na huwezi kusokota uzi mmoja, lazima uwe na wa pili wa kukutana nao. Mimi nimesokota, najua.

Hizi za glow na sneeze sizielewi vizuri. Lakini hii ya tw naishika kwa mikono.

#13 MwanafunziIsimu
Shikamoo mzee. Msimamizi wenu alisema kweli tupu. Twine katika Kiingereza cha kale ilikuwa uzi wa nyuzi mbili. Twelve asili yake ni "mbili zilizobaki", yaani ukishahesabu kumi zinabaki mbili. Twilight, wakati wa magharibi na alfajiri, twi yake nayo ni ya mbili. Na between, kati ya viwili, imeificha tw katikati.

Hapa basi kuna maelezo ya kwanza ya uzi huu: ukoo. Maneno yanafanana mwanzo kwa sababu yana babu mmoja. Hata gl ina babu. Wanaofuatilia lugha za Ulaya na India wanarudi hadi mzizi unaoandikwa ghel-, wenye maana ya kung'aa, na kutoka humo wanapata glow, glass, na pia gold dhahabu na yellow njano. Glad, furaha, katika Kiingereza cha kale lilikuwa "yenye kung'aa".

#14 MzeeWaKorona
Marahaba. Wajukuu nitawasomea haya.

#15 HesabuKwanza
Shikamoo mzee. Isimu, umejifunga mwenyewe. Gold na yellow ni watoto wa babu huyohuyo na hawana gl. Kama ni ukoo, basi ni ukoo, herufi hazina siri. Na tweet na twitter, mlio wa ndege, zina mbili gani?

#16 Pangani_Kwetu
Kwa kuwa mkonge umetajwa: Mjerumani Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Mexico mpaka kwetu Pangani. Tusisahau historia.

#17 NahodhaMdogo
Pangani_Kwetu, asili ya mmea ni Yucatán huko Mexico, na jina sisal ni la bandari ya hukohuko. Lakini Richard Hindorf miche yake aliitoa Florida, ikapita Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mkonge wote tunaouona kutoka Korogwe mpaka Muheza ulianza na kidogo hicho.

Nirudi kwenye mada. Sisi wa baharini tuna kn. Knot ni fundo. Knob ni kirungu cha kushikia. Knuckle ni kifundo cha kidole, knee ni goti, knoll ni kilima kidogo cha mviringo. Vyote ni vitu vilivyotuna na kuwa duara. Hata mwendo wa chombo, zile noti tunazosema, zilitokana na mafundo ya kweli: mabaharia walitupa gogo majini limefungwa kamba yenye mafundo, wakahesabu mafundo yanayopita mkononi mpaka mchanga wa kipimo uishe.

Na tazameni Kiswahili! Fundo la kamba, kifundo cha mguu, kifundo cha mkono. Sisi nasi tumeona kiungo cha mwili kuwa ni fundo, bila kumwiga mtu.

#18 FundiBarabaraYaNane
Hiyo k mbona haisomwi? Mwanangu anasema "nii" na "noti", k kaimeza.

#19 MwanafunziIsimu
Zamani ilisomwa, ikaanza kupotea kinywani mwa Waingereza kwenye karne ya 17, wakabaki nayo kwenye maandishi. Wajerumani bado wanaitamka: Knie goti, Knoten fundo. Waliosoma ile shule ya serikali ya Wajerumani iliyofunguliwa hapa Tanga mwaka 1892 walisikia k na n zote mbili.

#20 HesabuKwanza
Na knife? Na know? Na knight, askari wa farasi, ambaye katika Kiingereza cha kale alikuwa kijana mtumishi tu? Duara liko wapi?

#21 NahodhaMdogo
Hesabu, wewe ukipewa bahari nzima utauliza mbona pale pana jiwe. Jiwe lipo, na bahari ipo.

#22 MamaWaMakorora
Mimi nawashangaa mnakimbilia Oxford wakati jambo hilo liko jikoni kwetu. Chukueni ny ya Kiswahili. Kunyata, kutembea bila kusikika. Kunyatia na kunyemelea, kumwendea mtu polepole. Kunyapa. Kunyamaza. Kunyenyekea. Kunyauka, jani linapolegea kwa jua. Kunyong'onyea, mwili kuishiwa nguvu. Nyororo. Yote ni ya upole, ya chini chini, ya kulegea. Mtoto mdogo wa hapa ukimwambia neno asilolijua linaloanza na nya au nyo, ukamuuliza ni kitu kigumu au laini, atakwambia laini. Mimi nimelea, nawajua.

#23 MuuguziZamuYaUsiku
Mama umenifungulia. Na ko je? Koo, koromeo, kukoroma, kukorota, kukohoa, kohozi, kikohozi. Waingereza wameweka puani, sisi tumeweka kooni! Nasikia hizo ko usiku kucha wodini.

#24 HesabuKwanza
Kofia. Koti. Kondoo. Konde.

Na mama, shikamoo, kunyakua ni upole? Kunyang'anya? Kunyofoa, kunyonyoa, kunyonga, kunyanyasa? Hayo ni ya kushika kwa nguvu. Na nyuki? Mwezi Novemba 1914 Waingereza waliposhuka hapa Tanga na jeshi lao la kutoka India, nyuki waliowavamia hawakuwanyatia wala hawakuwanyenyekea.

#25 MamaWaMakorora
Marahaba mwanangu. Nyuki mtoe, huyo ni mdudu, mimi nimesema vitendo. Kunyang'anya umenipata kidogo, lakini tazama vizuri: mnyang'anyi anaanza kwa kunyemelea.

#26 MwanafunziIsimu
Naomba nichambue ili tusichanganye. Nyuki, nyota, nyumba, nyundo: tusizihesabu upande wowote, kwa sababu majina mengi ya ngeli ya N yanaanza na n au ny, na mengi ya hizo ny ni za ngeli yenyewe. Nyororo nayo itoke kwenye orodha ya mama, kwa kuwa shina lake ni -ororo. Tunasema mtu mwororo, kitu chororo, ngozi nyororo. Ila kunyata, kunyemelea, kunyamaza na kunyong'onyea, ny ni ya shina. Hizo zinabaki mezani.

Kuna makundi mawili basi, la kulegea na la kupokonya, kama vile Kiingereza kina gl ya mwanga na pia glide na glib zenye utelezi. Herufi zilezile zinaweza kubeba zaidi ya familia moja.

Sasa maelezo ya pili, ya kinywa. Sauti n hupita puani. Ziba pua useme n uone inavyokwama. K hukatwa nyuma ya ulimi karibu na koo. Kwa hiyo sn kuwa ya pua na ko kuwa ya koo si ajabu, mwili wenyewe unaigiza. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler alichora maumbo mawili, moja la mviringo na moja la ncha kali, akauliza lipi ni takete na lipi ni baluma, maneno ya kubuni yasiyo na maana. Watu wengi mno humpa mwenye ncha jina takete. Watafiti V.S. Ramachandran na Edward Hubbard walilirudia mwaka 2001 kwa bouba na kiki, matokeo yakawa yaleyale.

#27 MamaWaMakorora
Nimewachorea watoto wa baraza letu jioni hii kwa mkaa sakafuni, moja kama wingu na moja kama nyota ya bahari. Nikawauliza yupi Kiki yupi Buba. Karibu wote walisema mwenye miiba ni Kiki. Mmoja akakataa, akasema Buba ndiye mwenye miiba kwa sababu Buba ni jina la mjomba wake na mjomba ni mkali. Sikumlazimisha.

#28 HesabuKwanza
Huyo mtoto ndiye wa kwangu!

Lakini kwa haki kabisa, maelezo ya kinywa yanaweza kusimama kwa pua na koo, na kwa springi ya fundi. Kwa gl hayasimami. Mwanga haupigi kelele. Kuna nini kinywani kinachofanana na mmweko? Hapo ndipo nataka jibu, na sijalipata kwa Wallis wala kwa Firth.

#29 MwanafunziIsimu
Hilo swali ni zuri mno, na ndilo linaloleta maelezo ya tatu: mvuto. Maneno machache yanafanana kwa ukoo au kwa bahati tu. Wasemaji wanayahisi kuwa kundi. Kisha kundi linaanza kuvuta mengine.

Ushahidi wake naupenda kuliko yote. Sneeze haikuwa na sn! Katika Kiingereza cha kale kupiga chafya kulianza na fn, fneosan. Maneno ya fn yakapungua mpaka yakaonekana mageni, na neno hili likahamia sn, likakaa na snout na kundi lake la pua. Glance nayo: mwanzo ilikuwa pigo la silaha linaloteleza bila kukita, neno lenye damu ya Kifaransa, halafu likageuka kuwa la jicho, likajiunga na glimpse na glare. Hakuna aliyepiga kura. Watu waliongea tu, kizazi baada ya kizazi, na maneno yakasogeleana.

Na mwaka 2004 mtafiti wa lugha Benjamin Bergen alionyesha kwamba jambo hili limo vichwani mwa wasemaji wa leo. Mtu akisomeshwa glitter kisha glow, analitambua la pili upesi zaidi kuliko maneno yanayofanana sauti tu, au maana tu. Yaani gl inafanya kazi kichwani hata kama haimo kwenye vitabu vya sarufi.

#30 HesabuKwanza
Kwa msemaji aliyekua na Kiingereza. Mwanafunzi wa Msambweni hakukua nacho. Huo mvuto ataupata wapi?

#31 MwalimuMsambweni
Ataupata darasani, ndiyo kazi yangu.

Leo nimejaribu wr na kidato cha tatu. Nimeandika ubaoni wrap kufunga kwa kuzungushia, wring kukamua nguo kwa kuisokota, wrist kifundo cha mkono, wrinkle kunyanzi, wrestle kupigana mieleka. Nikawauliza wanaona nini. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye mwaka mzima hajainua mkono, akasema, "Mwalimu, vyote vinajipinda." Nikamwandikia writhe, asilolijua, akaniambia ni kujipinda. Ndivyo lilivyo, ni kujinyonganyonga kwa maumivu. Kisha mwingine akauliza, na wrong je? Nikamweleza kwamba wrong lilitoka kwa watu wa Skandinavia na maana yake ya mwanzo ni iliyopinda. Darasa zima wakasema kwa pamoja, "Imekwenda kombo!"

Msichana yule amekuja baada ya kipindi kuomba orodha nyingine. Kwangu hilo ni jambo kubwa, Hesabu. Hata ukinihesabia glove zote za dunia.

#32 DerevaWaTangi
Nimefurahi kwa ajili ya huyo binti. Lakini mwalimu, write nayo ina wr. Kuandika kunapinda nini?

#33 MwanafunziIsimu
Write asili yake ni kukwaruza, kuchora kwa ncha. Si ya kupinda. Dereva ana haki.

#34 MuuguziZamuYaUsiku
Ndiyo ninachosema. Mwalimu, mpe binti orodha, mpe na yanayokataa kwenye ukurasa uleule. Write iandikwe pembeni ya wring. Glove pembeni ya glow. Huyu binti huenda akaja kuwa muuguzi, na siku hiyo nataka awe na mazoea ya kuuliza "je, hili nalo?" kabla hajashika sindano.

#35 MwalimuMsambweni
Hilo nalichukua. Kesho wataandika safu mbili. Ila nitaanza na safu ya yanayokubali, maana anayekatishwa tamaa mwanzoni harudi.

#36 HesabuKwanza
Anza na zote mbili kwa pamoja. Mimi naanza na st usiku huu, ile ya Wallis ya uimara: stand, stone, steel, stiff, stop, stay, stick. Upande wa pili nina stream, stir, steam, stumble, stagger, na hivyo vyote havitulii. Nitaleta idadi ya kamusi nzima, siyo vipande.

#37 MzeeWaKorona
Mwanangu, ukifika str niachie. Strand ni uzi mmoja ndani ya kamba, string kamba nyembamba, strap mkanda, strip kipande kirefu, stretch kuvuta, straight iliyonyooka. Zote tulikuwa nazo kiwandani, na zote ni ndefu na nyembamba.

#38 FundiBarabaraYaNane
Street je, mzee?

#39 MzeeWaKorona
Barabara nayo ni ndefu na nyembamba, kijana. Yako ya Nane inaanzia wapi na inaishia wapi?

#40 MwanafunziIsimu
Mzee, kwa asili street ni ya Kilatini, via strata, njia iliyotandikwa mawe. Kwa hiyo si ndugu wa string. Lakini kwa yale maelezo ya mvuto, imekaa mahali pake bila shida. HesabuKwanza, utaiweka safu gani?

#41 HesabuKwanza
Nafungua safu ya tatu.